Nililipia waranti ya ziada, friji ilipokufa wakaniambia ni stima

Mama, hujambo?

Niwie radhi kwa barua ndefu. Nimejaribu kuifupisha ikanishinda, maana kila nikifika kwenye habari ya ile friji hasira inapanda upya.

Ninaishi Umoja na mume wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi. Desemba 2022 nilinunua friji ya milango miwili katika duka moja kubwa la vifaa vya nyumbani hapa Nairobi. Bei ilikuwa Sh68,500. Pesa zilikuwa za chama. Zamu yangu ilikuwa imefika, nami nikasema mwaka huu sitazimaliza kwa vitu vidogo vidogo. Mama alikuwa amehamia kwetu mwaka huohuo. Ana ugonjwa wa sukari, anajidunga insulini asubuhi na jioni, na dawa yake ilikuwa inakaa kwenye friji ya jirani. Unajua ilivyo kubisha mlango wa watu saa kumi na mbili asubuhi kila siku ya Mungu.

Nikiwa kaunta tayari kulipa, kijana aliyenihudumia akaniambia friji ina waranti ya mwaka mmoja kutoka kwa mtengenezaji, lakini nikiongeza Sh6,800 nitapata waranti ya ziada ya miaka 3. Nikamuuliza inagharamia nini. Akasema, "Kila kitu, mama. Ikiharibika wewe piga simu tu. Ikishindikana kutengenezwa unapewa nyingine." Nikamuuliza, hata gesi? Akasema hata gesi. Nikalipa Sh75,300 kwa M-Pesa, nikapewa risiti na karatasi iliyokunjwa mara tatu, maandishi yake madogo kama mbegu za wimbi. Siku hiyohiyo nilinunua pia gadi ya friji, kile kifaa cha kuikinga na stima kupanda na kushuka, hapohapo dukani.

Friji ilifanya kazi vizuri zaidi ya miaka miwili. Machi 2025 nikaanza kuona maziwa yanachacha kabla ya siku ya pili. Kompresa ilikuwa inanguruma usiku kucha bila kupumzika. Nilipofungua sehemu ya juu ya kugandisha, barafu ilikuwa imeshika kona moja tu, kipande cha upana wa kiganja changu, kwingine kukavu kabisa. Nilishangaa, nikapiga picha nikamtumia dada yangu kwa WhatsApp nikimuuliza kama yake imewahi kufanya hivyo. Kufikia katikati ya Aprili ilikuwa kabati tu, haigandishi, haipoezi.

Nikapiga simu kwenye nambari iliyo kwenye karatasi. Nikatumiwa ujumbe wenye nambari ya malalamiko. Nikangoja wiki tatu, nikipiga simu mara kumi na moja, zote ziko kwenye simu yangu. Mwishowe fundi wao akaja. Alikaa kama dakika kumi. Hakufungua kitu. Alipima soketi, akaigusa kompresa kwa kiganja, akaandika kwenye fomu: "Hitilafu imetokana na mabadiliko ya stima. Haimo kwenye waranti." Akaniambia nitie sahihi, nikatia. Halafu akadai Sh1,500 za kumwita.

Nilirudi dukani. Meneja akasema wao waliuza tu, waranti ni ya kampuni nyingine. Ile kampuni nyingine nayo ikaniambia nisome sharti la 7, kwamba hawalipii uharibifu wa stima kupanda na kushuka. Nikawaambia nina gadi na bado inafanya kazi. Wakasema hiyo haibadilishi kitu. Wakataka risiti. Nilipoitoa kwenye bahasha ya nailoni nilikokuwa nimeihifadhi vizuri, ilikuwa nyeupe pe, hata tarehe haisomeki.

Fundi wa hapa mtaani ameitazama akasema gesi imevuja, ataitengeneza kwa Sh9,500. Mume wangu anasema tumlipe tusahau, hizo 6,800 nizihesabu kama sadaka. Lakini mlangoni bado kuna kibandiko kinachong'aa, "miaka 10," na kila nikikiona nahisi nilidanganywa mchana kweupe. Dawa ya mama sasa iko ndani ya kopo, kopo ndani ya mtungi mdogo wa udongo, na mtungi ndani ya beseni la mchanga ninaoumwagia maji asubuhi na jioni.

Je, nina haki yoyote hapa? Na nikimruhusu fundi wa mtaani aitengeneze, nitakuwa nimejiharibia?

Aliyechoka kupiga simu,
Umoja

*

Binti yangu,

Una haki, tena si ndogo. Na ndiyo, fundi wa mtaani akiifungua friji kesho utakuwa umejiharibia. Mwambie angoje.

Lakini niruhusu nianze na dawa ya mama, kwa sababu hiyo ndiyo isiyoweza kungoja. Chupa ya insulini iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida hukaa nje ya friji karibu wiki nne, mradi isipate joto la kupita nyuzi 25 hadi 30 kulingana na aina yake. Kwa hiyo mtungi wako unatosha kwa ile anayoitumia sasa. Umefanya jambo la busara sana. Chukua peni uandike tarehe ya kufunguliwa juu ya chupa yenyewe. Zile ambazo hazijafunguliwa ndizo zinazonitia wasiwasi. Hizo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na mtungi wa udongo haufiki huko hata ukimwagiwa maji mara kumi. Zirudishe kwa jirani leo, au uiombe kliniki anakochukulia dawa imtunzie, awe anachukua moja moja. Na zile zilizokaa mtungini tangu Aprili mwonyeshe mfamasia kabla hajazitumia.

Sasa friji yenyewe.

Kabla ya kuanza kujibu barua hizi niliuza friji na majiko kwa miaka tisa, katika duka lililofanana sana na hilo lako. Kuna sehemu moja katika barua yako niliyoirudia mara tatu: barafu kushika kona moja tu, upana wa kiganja, kwingine kukavu. Friji hupoeza kwa gesi inayochemka ndani ya mabomba ya sehemu ya kugandisha. Gesi ikiwa kamili, huchemka njia nzima na barafu hushika kote. Ikiwa imepungua, huishia palepale inapoingilia, kwa hiyo kona ya mwanzo inaganda na kwingine hakuna kitu. Kompresa nayo haipumziki kwa sababu ubaridi unaotakiwa haufikiwi. Ndiyo maana iliunguruma usiku kucha. Halafu wiki baada ya wiki gesi inazidi kutoka mpaka unabaki na kabati, kama ulivyosema.

Stima haiharibu friji hivyo. Ikipanda ghafla, mara nyingi ni pale inaporudi baada ya kupotea, huunguza fyuzi au bodi ya umeme ya ndani, na friji hunyamaza papo hapo. Wakati mwingine televisheni na vifaa vingine vya nyumbani huenda nayo. Haichukui mwezi mzima kuua friji polepole huku kompresa ikiendelea kufanya kazi. Sijaiona friji yako kwa macho, lakini ulichokieleza ni mfano wa gesi kuvuja, na fundi wa mtaani amesema vilevile. Gadi uliyonunua kazi yake ni kukata stima ikizidi au ikipungua, na kuichelewesha dakika chache inaporudi. Kama bado inafanya kazi, nayo ni shahidi wako.

Kwa hiyo unachohitaji kwanza ni karatasi ya fundi mwingine. Tafuta fundi wa friji mwenye duka na muhuri; pale Luthuli Avenue na mitaa ya karibu utawauliza wenye maduka ya vipuri wakuelekeze kwa wanaoaminika. Mlipe aje akague tu, asitengeneze. Aangalie fyuzi na bodi, azipige picha zikionekana hazijaungua. Apime waya za kompresa. Atafute panapovuja, na yale mabomba ya nje atayajaribu kwa povu la sabuni. Aandike alichokiona, aweke tarehe, jina, nambari ya simu na muhuri. Ukimwachia mtu akate bomba na kujaza gesi kabla ya hapo, ushahidi wote unatoka na gesi, na wao watasema fundi wako ndiye aliyeharibu. Siku ya kutengeneza ikifika, mwonyeshe kwanza kibandiko kilicho nyuma au karibu na kompresa. Kikisema R600a, hiyo ni gesi inayoshika moto, na mtu asiwashe mtungi wa kuchomelea kabla haijaondolewa yote. Una watoto ndani ya nyumba.

Kuhusu kile kibandiko cha miaka 10 mlangoni, nitakuambia ukweli hata kama hautaupenda. Kinahusu kompresa peke yake, na mara nyingi ni kifaa chenyewe tu, bila gesi wala kazi ya fundi. Kama kompresa yako ni nzima na tatizo ni mabomba, hakitakusaidia. Niliwaona wateja wengi wakikisoma kile kibandiko kama ahadi ya friji nzima, nasi tuliokuwa kaunta hatukuwasahihisha. Tulikuwa tunalipwa kamisheni kwa kila waranti ya ziada tuliyouza. Jambo hilo linanisumbua mpaka leo, ndiyo sababu mojawapo ya kukujibu kwa kirefu.

Tuje kwenye ile sahihi uliyotia. Imekuuma, naona. Sahihi yako inaonyesha fundi alifika. Haigeuzi maoni yake kuwa ukweli. Mtu aliyekaa dakika kumi na hakufungua hata skrubu moja hawezi kujua fyuzi ikoje. Na katika sheria zetu za ushahidi, anayedai jambo ndiye anayetakiwa kulithibitisha. Wao ndio wanaosema ni stima. Basi waonyeshe ni kitu gani kiliungua na wamekijuaje. Watake ripoti kamili ya fundi wao kwa maandishi. Nina hakika utaona kimya kirefu baada ya ombi hilo.

Meneja naye hakukuambia kweli aliposema waliuza tu. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amekuhakikishia kwamba bidhaa ina ubora unaofaa, na sharti lolote linalojaribu kuiondoa haki hiyo halina nguvu. Hiyo iko mbali kabisa na waranti uliyolipia. Ungekuwa nayo hata usingetoa zile 6,800. Sheria hiyohiyo inasema maneno ya mkataba yakiweza kueleweka kwa namna mbili, yachukuliwe ile inayomfaa mnunuzi. Na Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari unazohitaji ili bidhaa ikufae, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Duka ndilo lililochukua pesa yako. Barua yako iende kwa wote wawili, duka na kampuni ya waranti, ili kila mmoja aone jina la mwenzake.

Risiti kufifia isikukoseshe usingizi. Karatasi zile huchapwa kwa joto na hufutika zenyewe, na nailoni huziharakisha. Ulilipa kwa M-Pesa, basi piga *334# au ufungue programu ya M-Pesa uombe taarifa ya malipo ya Desemba 2022. Utaona Sh75,300, siku na duka. Tena sheria ya kodi inamtaka mfanyabiashara atunze rekodi zake kwa miaka 5, kwa hiyo duka likikuambia halina nakala, waulize wanamwonyesha nini mtoza ushuru.

Soma pia ile karatasi ya wimbi kwa mwanga mzuri, utafute mambo mawili. La kwanza, miaka 3 inaanza lini: siku uliyonunua, au baada ya ule mwaka wa mtengenezaji kwisha? Kijana alikuambia ni ya kuongezea, lakini maduka mengi huhesabu tangu siku ya kununua. Kwa namna zote mbili bado ulikuwa ndani ulipopiga simu Aprili 2025, ila hesabu ya kwanza inaishia Desemba 2025, na ndiyo maana barua yako lazima itaje tarehe ya simu ya kwanza na nambari ya malalamiko. La pili, je, kuna jina la kampuni ya bima popote? Waranti nyingine huwa ni bima ndani yake. Ukilikuta, malalamiko yako yanaweza kwenda pia kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima.

Andika barua fupi. Usieleze hasira, zile simu kumi na moja zinajieleza. Kama hivi:

"Tarehe fulani Desemba 2022 nilinunua kwenu friji ya aina hii, nambari hii, pamoja na waranti ya ziada, kwa jumla ya Sh75,300. Iliacha kupoeza nikaripoti tarehe fulani Aprili 2025, nambari ya malalamiko ni hii. Fundi wenu aliandika kuwa ni stima bila kuifungua. Sikubaliani na maoni hayo. Naambatisha ripoti ya fundi mwingine inayoonyesha gesi imevuja na vifaa vya umeme ni vizima. Naomba friji itengenezwe chini ya waranti na nirudishiwe Sh1,500 nilizotozwa, ndani ya siku 14. La sivyo nitaitengeneza na kudai gharama zote mahakamani."

Ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, itume kwa baruapepe wewe ukiwa umesimama palepale. Maziwa na nyama zilizoharibika usiziweke kwenye dai. Najua zilikugharimu, lakini waranti nyingi huziondoa waziwazi, nami ningependa udai lile usiloweza kushindwa.

Siku 14 zikipita bila jibu, una milango miwili, na unaweza kuipita yote. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi, na Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza muuzaji kumpotosha mteja kuhusu waranti. Kijana aliyekuambia "kila kitu, hata gesi" alizungumza kwa niaba ya duka. Andika leo maneno yake kama unavyoyakumbuka, na kama kuna mtu uliyekuwa naye siku hiyo, naye aandike.

Mlango wa pili ni Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, iliyoanza kazi Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Unajisimamia mwenyewe na kueleza habari yako kama ulivyonieleza mimi. Dai lako litakuwa gharama ya kutengeneza, zile 1,500, na ada ya fundi wa ripoti. Kusema kweli, sidhani utafika huko. Kampuni inayomtuma fundi wa dakika kumi haipendi kumleta fundi huyo mbele ya hakimu.

Mume wako hana ubaya. Anakuona umechoka na anataka uchovu uishe. Mwonyeshe hesabu: ripoti ya fundi na nauli ya kwenda mjini mara mbili, dhidi ya 9,500 ambazo mngetoa mfukoni wakati kuna mtu aliyekwisha kulipwa kwa kazi hiyohiyo. Mwombe yeye ndiye apeleke barua, kama wewe umechoka kuziona zile kaunta. Na kama hali ya mama inafanya kungoja siku 14 kuwe kugumu, tengenezeni mara tu baada ya ripoti kuandikwa na barua kupokelewa, mkitunza risiti, picha za kazi, na kile kipande cha bomba kilichokatwa. Kiweke kwenye mfuko na tarehe. Hakuna mahakama itakayomlaumu mtu kwa kutunza dawa ya mama yake.

Kisha kuna ile picha ya barafu. Ilipigwa Machi, mwezi mzima kabla ya fundi wao kutamka neno stima, na WhatsApp imeihifadhi na siku na saa yake. Mpigie dada yako jioni hii umwambie asiifute.

Wako,
Mama